Umbali wa Mutua

Mueni dadangu,

Salamu nyingi hapo nyumbani, mtaani Tena, na umkande Mama miguu kwa niaba yangu. Joto la Mombasa hata shuka hulitaki.

Tangu Mama avunjike kiuno, kaka yetu Mutua anatuambia angekuja kumwona, lakini Mombasa ni mbali. Basi leo nimeupima huo umbali. Kutoka uwanja wa ndege hadi uwanja wa ndege ni dakika arobaini na tano. Chai niliyopewa ndegeni ilikuwa bado moto rubani akisema tunashuka.

Mutua akanipokea anacheka. "Pole na safari, dada. Umetoka mbali."

Nikamwambia sijapoa.

Mwambie Mama Jumapili tunakuja wawili, Mutua apende asipende.

Akupendaye,
Nduku