Yaya, Tulikuachia Mahali Mlangoni

Yaya,

Furaha ameolewa. Naanza na hilo ili utulie, maana yanayofuata yangekufanya usimame hapo ulipo na kushika kiuno. Mwanao ameolewa, pete iko kidoleni, viti vimeshakusanywa na maturubai yamerudishwa kwa wenyewe.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye stuli yako. Usinikasirikie. Studio yetu hapa Wandegeya iko vilevile, ila jirani mwenye mashine ya kuchapisha amesogeza meza yake karibu kabisa na mlango wetu, na tumeshagombana. Wanafunzi bado wanakuja kupiga picha za pasipoti, bado wanasimama mlangoni wakichezea simu. Juzi nilifungua mdomo nimfukuze mmoja, nikasikia maneno yako yakitoka kwangu na ukali wako wote: "Unanizibia mwanga." Nilikwenda nyuma ya pazia nikalia. Mteja alingoja, maskini, akidhani natafuta betri.

Na yule Mkenya wa chapati hapo mbele ya hosteli bado ananicheka nikikutaja. Kwao yaya ni mlezi wa watoto. Nimemweleza mpaka nimechoka kwamba sisi wa Bukavu tunamwita hivyo dada mkubwa, hata kama hamkuzaliwa tumbo moja. Siku hizi namjibu tu kwamba ndiyo, alinilea.

Sasa nisikilize. Mama yako hakuweza kuja kukuzika, unaijua barabara ya Bukavu ilivyofungwa, na harusini pia hakuweza. Wiki ile alinipigia simu. Hakuuliza hali, hakuuliza watu. Alisema: "Nitumie picha moja tu. Nataka kuona kwamba mtoto hakuolewa kama yatima." Halafu akakata. Yaya, nimepiga harusi nyingi nyuma yako nikikushikia taa, lakini kuombwa kitu kama hicho, sijawahi.

Nikadhani Furaha atanipunguzia mzigo. Wapi! Yeye alikuja na lake. Alitaka kwenye picha ya familia, upande wake wa kulia, tuache mahali. Hakutaka kiti, hakutaka ile picha yako kubwa yenye maua kama wengine wanavyofanya. Alisema wewe ulikaa nyuma ya kamera maisha yako yote, kwa hiyo picha nzuri mliyopiga wawili hakuna, na siku hii moja atakuachia nafasi mbele. Nilikubali haraka haraka ili asinione machozi. Kisha nikaenda kuuona ukumbi.

Ni ule wa Kalerwe, nyuma ya soko. Ndugu wa kanisani alitupa bure kwa heshima yako, na siwezi kumsema vibaya mtu aliyetoa alichonacho. Lakini lile ni stoo la maharage, Yaya. Kuta zimepakwa rangi ya mafuta, kahawia chini, kijani juu. Kuna bango la mgombea wa zamani lililokataa kubanduka, limebaki jicho moja na nusu ya tabasamu. Nguzo nne katikati. Madirisha yamezibwa kwa matofali, na zile taa ndefu za dari zinawafanya watu wote waonekane wametoka kulazwa. Wapambaji walitundika kitambaa cha zambarau kule mwisho, kikalegea, na jicho la mgombea likawa linachungulia juu yake.

Ningeweza kubana picha za bwana na bibi harusi peke yao, nikaficha mengi. Shida ilikuwa lile pengo lako. Ukiacha mahali patupu mbele ya ukuta wa namna ile, kinachoonekana ni ukuta. Mama yako angeangalia akadhani mtu amekwenda chooni. Siku yenyewe, watu wakiwa wanakula, nilizunguka pale nikitokwa na jasho, nikikasirika na wewe pia, nikuambie ukweli. Nilisema moyoni, umeniachia mtoto na kamera, halafu wewe umelala.

Ndipo nikakumbuka unavyoingia mahali pabaya. Unaweka kamera chini, unakunja mikono, unasema, "Kwanza mlango." Kama ile harusi ya Bukoto, kwenye maegesho ya magorofa, kati ya matangi ya maji na nguo za watu zilizoanikwa. Mimi nilikuwa nahangaika kuficha ukuta, wewe ukanifinya sikio ukasema, "Ukuta haujaalikwa, unahangaika nao wa nini?" Ukawasimamisha maharusi mahali mwanga ulipoingilia, na hakuna aliyewahi kuuliza picha zile zilipigiwa wapi.

Basi nikaweka kamera chini, nikatafuta mlango. Stoo lina mlango mmoja wa maana, ule mpana wa chuma ambao malori yalipakulia magunia. Mawingu yalikuwa yametanda, mwanga unagonga saruji ya uani na kuingia umetulia kabisa. Nikatoka nje, nikasimama kati ya majani ya kabichi na bodaboda za watu, nikatazama ndani. Giza la stoo lilikuwa limemeza nguzo, limemeza kijani, limemeza hata yule mgombea na jicho lake. Mtu akisimama pale kizingitini, ni yeye na mwanga tu. Na pengo likiachwa pale, mwanga wenyewe ungelijaza. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Ila mawingu yaleyale yaliyonipa mwanga yalikuwa yanashuka, na nilijua mvua ikianza tu, wanafunga mlango na mimi nimekwisha.

Keki ilikuwa inakatwa. Nikamfuata Ssalongo, mshereheshaji wetu. Unamkumbuka, yule Muganda baba wa mapacha, mtu mwema sana, anayesalimu "habali zenu" na ukumbi mzima unacheka. Nikamwambia sikioni, kwa haraka: waambie wakwe mahali hapa hapafai, tunaomba waje mlangoni. Nikakimbia kuweka lenzi.

Yaya, kosa lilikuwa hapo. Ssalongo alikuwa amechoka kuchekwa. Wakwe zetu ni Wakenya wa Bungoma, Kiswahili wanakisema kwa kujiamini, na yeye siku hiyo alikuwa ameapa hatasikika na l isiyo yake. Kwa hiyo kila alipoiona l, aliigeuza r, na ngeli akazisahau. Akamwinamia Mzee Barasa, yule baba mdogo aliyemlea bwana harusi wetu Wekesa tangu baba yake afariki, akamwambia kwa adabu zote: "Mzee, watu wa bibi harusi wanasema mahari haifai. Wanaomba muende nje."

Mimi niko nje nimeshika kamera, naona watu wa Bungoma wanasimama meza nzima. Nikafurahi. Nikajisemea, hawa wana utii. Kisha wakakaribia, nikaona nyuso. Mzee Barasa amevaa kofia yake, ameshika fimbo. Mama mmoja amebeba mikoba ya wote. Wekesa anawafuata nyuma, kisu cha keki bado kiko mkononi, anauliza kuna nini na hakuna anayemjibu.

Mzee akasimama pale pale kizingitini nilipopataka, akageukia ndani. Hakupaza sauti. Alisema: "Mahari tulileta, mkaipokea kwa vigelegele. Leo mbele ya keki ndiyo mnasema haifai?"

Muziki ulizimwa. Kaka yako naye, unamjua kichwa chake, akaruka akauliza nani ametukana wageni, na jinsi alivyouliza ilionekana ni wageni wanaomtukana yeye. Vijana wakaanza kusogezeana viti. Na Furaha, Yaya. Furaha alibaki mbele ya kile kitambaa cha zambarau peke yake, ameshika shela. Nilimwona amekuwa yatima hasa, pale pale, mbele ya macho yangu. Nikajua ndiyo picha nitakayompelekea mama yako.

Wewe unajua mimi na kusema mbele za watu. Lakini nilikwenda, kamera mbili shingoni, nikasimama kati ya fimbo ya mzee na ngumi za kaka yako. Nikasema ni mimi niliyemtuma Ssalongo, na sikutaja mahari, nilitaja mahali. Nikaonyesha kuta. Nikaonyesha na lile jicho. Mzee Barasa alinitazama kama mtu anavyomtazama muuzaji anayebadilisha bei. Hakuniamini, na mimi nisingejiamini.

Akamgeukia Ssalongo. Akamwuliza polepole, "Mwanangu, hapa tulipo ni wapi?"

Ssalongo akajikaza, akatamka kwa uangalifu wote: "Tuko mahari pa harusi, mzee."

Nikaona fimbo ya mzee inatikisika, kisha tumbo, kisha akacheka mpaka ikabidi ashike nguzo ya mlango. Kaka yako akacheka bila kutaka. Ssalongo mwenyewe alicheka mwisho, hajui bado amekosea wapi. Na kule ndani Furaha akacheka. Unajua anavyocheka, kichwa nyuma, mkono kifuani. Ni kicheko chako. Hajakitoa tangu tukuzike.

Matone ya kwanza yalikuwa yanagonga mabati. Mzee alifuta macho akaniuliza hicho nilichokitaka mlangoni ni kitu gani cha kutaka kuvunja ndoa. Nikamweleza, harakaharaka na bila mpangilio, habari za mama yako huko Bukavu, na mahali pako upande wa kulia. Alivua kofia. Alimwita Furaha aje, akamsimamisha kizingitini, Wekesa kushoto kwake, akaanza kuwapanga ndugu zake kwa fimbo. Mdogo wake mmoja, mtu mnene, akaona nafasi kulia kwa bibi harusi akaingia. Mzee akamtoa kwa kiwiko.

"Toka hapo," alimwambia. "Mahari tulimaliza. Mahali tunamwachia mama yake."

Nilipiga, Yaya. Nilipiga huku mvua inaniingia mgongoni, na Ssalongo amenifunikia kamera kwa koti lake la sherehe. Giza nyuma yao, nyuso zote zimeiva kwa kicheko na machozi, na pale kulia kwa Furaha mwanga umeingia mpaka chini, unaangukia upindo wa gauni lake. Yeye amegeuza mkono kidogo kuelekea upande huo. Sikumwambia afanye hivyo. Ukuta hauonekani kabisa.

Niliituma jioni hiyohiyo. Kisha ikaja sauti ya mama yako aliyoirekodi kwenye simu, imechoka, imetulia: "Nimemwona mtoto. Na mahali pa mama yake nimepaona." Basi. Nimeisikiliza mara nyingi mno.

Nakuahidi barabara ikifunguka nitampelekea picha ile ikiwa imechapishwa, mkononi mwake, na nitapita kwenu nimsalimie kila mtu kwa jina lako. Furaha akijifungua, nitawapiga hapa studio, na nafasi yako haitajazwa na mnene yeyote.

Lala, Yaya wangu. Nimeshakemea vya kutosha leo. Mlango nimeuacha wazi, na yule jirani wa mashine hatimaye ameisogeza meza yake mbali. Akija mtu akasimama pale, nitamwambia asogee, anakuzibia mwanga.

Mdogo wako,
Chantal