Mstari Niliokata Katika Wimbo Wako

Mispa, Yuda
Mwezi wa tano, mwaka wa tisa tangu ukuta ubomolewe

Mpendwa mdogo wangu Elasa, huko Babeli,

Nakusalimu, ingawa kwa meno yaliyoumana. Hujambo? Milka mkeo na watoto hawajambo? Tumesikia una nyumba ya matofali na bustani ya vitunguu. Sisi tungali hai. Zaidi ya hapo sina la kujisifia.

Wimbo wako, ulioandikwa kwenye ngozi, uliletwa na mfanyabiashara wa ngamia, pamoja na agizo lako kwamba uimbwe siku ya kufunga. Nikaubeba hadi Yerusalemu, penye magofu ya nyumba ya Mungu. Tulikuwa watu sitini hivi, tumevaa magunia, majivu kichwani.

Mwedomu mmoja, anayelisha mbuzi wake katika shamba letu la mizabibu, alipanda juu ya mawe akatupigia kelele: "Lieni kwa nguvu! Mungu wenu ana usingizi mzito!"

Nikamjibu, "Chunga mbuzi wako, mwizi wa mashamba! Siku yako yaja." Akacheka mpaka akashika mbavu.

Basi nikaimba. Sikufichi, mwanzo ulinikata maini. Ulipolitaja birika la Siloamu, tulikoteka maji utotoni, wazee walilia kwa sauti. Kisha nikafika pale uliposema wanawake wa Yerusalemu walifukizia sanamu uvumba, ndiyo maana wakafa njaa. Nikaacha kuimba.

Mzee Yigdalia, mwimbaji pekee wa hekalu aliyebaki kwetu, akaniminya kiwiko. "Imba kama ulivyoandikwa, binti."

"Aliyeuandika alikuwa anakula tende, baba. Mimi ndiye niliyewazika."

Elasa, wewe ulichukuliwa mateka miaka kumi na moja kabla mji haujaanguka. Hukuona kitu. Mama yetu hakufukizia sanamu yoyote. Mji ulipozingirwa, alichemsha viatu vyako vya ngozi, vile ulivyoviacha, akaniambia ni supu. Nani kakuweka hakimu wake?

Nikachomoa kisu, nikaukata mstari ule mbele ya watu wote. Mahali pake nikaimba jina la mama, Zibia. Mwanamke nyuma yangu akaita jina la mwanawe. Kisha kila mtu akawaita wafu wake, mpaka jua likafika utosini, na Yigdalia naye akamwita mkewe. Mwedomu akarusha jiwe, likampata mtu begani. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Kipande nilichokata nimekitia humu, ni mali yako. Usithubutu kunitumia tena wimbo unaomshitaki mama. Wala usijichoshe kumtetea Mungu. Ana kinywa chake, nami namwuliza kila asubuhi, bado hajanijibu.

Jambo moja nilikuficha miaka yote hii kwa kukuonea huruma. Leo huruma imeniishia. Siku aliyokufa, mama hakuweza tena kuinua kichwa. Nilimwekea maji mdomoni, akayakataa, akaniuliza, "Elasa huko amekula?"

Nisalimie Milka, uwabusu watoto, na umfikishie salamu shangazi Noa kama bado yuko nanyi. Mungu wa baba zetu, akikumbuka kwamba tupo, awafunike kwa mkono wake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na hasira zangu zote,

Hefsiba binti Zakuri