Kabati Lililowekwa kwa Muda

Wanangu, na baba yenu pia,

Mkiingia msishtuke, hamjakosea nyumba. Ule mwanga sebuleni ni jua tu. Lilikuwa hapo nje miaka yote kumi na mmoja, likikingwa na kabati ambalo baba yenu aliliegesha dirishani siku tuliyohamia. "Kwa muda tu," alisema.

Leo asubuhi, chai mkononi, akalalamika kwamba sebule ina giza, tutafute fundi wa rangi na taa mpya. Nikamwambia tuanze na kabati. Akacheka: "Lile halisogei bila wanaume wanne." Nikamwongezea chai. Kimya kingi kina mshindo. Alipotoka tu nikatoa vyombo, nikaingiza blanketi kuukuu chini ya miguu ya kabati, nikasukuma.

Sasa nisikilizeni. Pazia jipya ni lile shuka la maua, nimelikata na kulipinda, msilifutie mikono. Kioo cha chumbani nimekitundika mkabala na dirisha, kinarudisha mwanga hadi jikoni, kwa hiyo kisihamishwe. Ukuta uliokuwa nyuma ya kabati uoshwe kwa maji ya sabuni. Baba watoto, hiyo ni kazi yako, wewe ndiye mrefu.

~~Chakula ujipikie.~~ Chakula nimefunika jikoni.

Kabati liko koridoni, kwa muda tu. Atakayelirudisha dirishani ajue kwamba na mimi nitahamia kwa dada yangu, kwa muda tu.

Mama yenu,
yaani wanaume wanne