Masharti ya Kuwa Fundi Mkuu

Jumatatu, saa kumi jioni. Joto la leo halina adabu. Wateja wamekimbilia vivulini, feni inazungusha vumbi tu, nami nimekaa nyuma ya maboksi ya vifungo na zipu sina raha. Si joto. Ni Zuhura.

Kwa mgeni wa blogu hii: kila Jumapili mchana, juu ya duka langu hapa Kariakoo, watu wanne wanakuja kucheza mchezo niliouandika mwenyewe. Hakuna skrini. Kuna karatasi, penseli, dadu na midomo. Kila mchezaji ana mhusika wake. Mimi nasimulia dunia wanamoishi na kusimamia sheria. Mhusika akishakomaa anaweza kuingia daraja la juu, akitimiza masharti.

Masharti nayaandika mimi. Na nayaandika kwa raha fulani mbaya, nakiri.

Zuhura ni fundi cherehani, baraza lake liko mtaa wa pili. Mhusika wake anatengeneza silaha. Mwaka mzima na nusu amewanolea wenzake mapanga, ameunga ngao zilizopasuka, na kila alipopata pointi za kujifunza alizitumia kwenye kile ambacho kundi lilikihitaji wiki hiyo. Rashidi, anayetoa mizigo ya watu bandarini, ni mtu wa fomu. Aliomba masharti siku ya kwanza, akayafuata kama nyaraka za kontena, pointi zake akaziweka panapotakiwa tu. Ngao hajawahi kuunga hata moja.

Jana wote wawili waliomba daraja la Fundi Mkuu. Rashidi akapita. Zuhura akakwama kwa sharti moja: ustadi wa mapigano, ngazi ya nne. Yeye ana ya tatu.

Nikamwambia, "Umebakiza kidogo tu, dada."

"Hata kidato cha nne waliniambia hivyohivyo," akasema, akafunga daftari. Hakununa. Aliaga vizuri, mmoja mmoja, kama mtu anayehama mtaa. Nikajua Jumapili ijayo huenda asirudi.

Tangu hapo najiuliza lile sharti lilitoka wapi. Fundi na mapigano, wapi na wapi? Ukweli ni kwamba nilitaka daraja lionekane gumu. Mimi huyuhuyu nimesoma matangazo ya kazi yanayotaka uzoefu wa miaka mitano kwa mtu wa kupanga mafaili, nikayatukana, kisha nikakaa nikaandika la kwangu. Nyani haoni kundule. Sharti la kuingia lilipaswa kumuuliza mhusika ameishije. Langu lilimuuliza mchezaji kama aliwahi kusoma fomu mapema.

Mchana huu nikaenda kumwomba radhi. Alikuwa na pini mdomoni, akanionyesha stuli kwa kidole. Nilikaa nusu saa sipati upenyo wa kusema. Jirani mwenye duka akapita: "Fundi, suruali yangu vipi?" Dada mmoja akaja: "Fundi, hebu nipunguzie kiunoni." Zuhura akamwamkia mama mmoja aliyeleta gauni la harusi ya mwanawe, shikamoo, na yule mama akaitikia, "Marahaba, fundi."

Hakuna aliyeuliza cheti. Hapa mjini ufundi hauombwi; watu wanaanza kukuita, siku moja unaitika.

Nikachukua kipande cha karatasi nikaandika sharti jipya: awe ameitwa fundi na watu watatu ambao vitu vyao viliharibika, naye akavitengeneza. Nikampa asome. Nikamwambia la mapigano nalifuta, na Rashidi itabidi aanze upya.

Akatoa pini mdomoni. "Rashidi usimguse, kaka Joeli. Kapita mlango uliomwonyesha wewe. Mimi nifungulie mwingine, ila usinifungulie kwa huruma. Hao watu watatu kawaulize kweli."

Milango miwili, daraja moja. Miaka yote hii naandika sheria na sikuwahi kulifikiria hilo. Nimeona aibu, na nimefurahi pia.

Nikamuuliza kama Jumapili atakuja. Akasema ataangalia kazi za watu, akarudi kwenye cherehani.

Niliporudi dukani niliwapigia wachezaji wenzake wote watatu, mmoja baada ya mwingine, nikawauliza swali moja: mhusika wa Zuhura mnamwitaje? Wawili wakajibu papo hapo. Rashidi nilimwacha wa mwisho, maana kwake niliogopa.

"Fundi," akasema. "Sasa nimwite nani, bro? Kwani ana jina lingine?"

Analo. Zuhura aliliandika juu ya karatasi yake siku ya kwanza kabisa. Rashidi halikumbuki.

Wala mimi silikumbuki.

Kesho nitamwahi barazani kabla ya wateja wake, nimwambie amepita.