Diski mpya au gari ilale

Jumanne, kambi ya Dzaleka

Hapana, diski za breki zilizotumika sizitaki tena. Jana kule Lumbadzi nilikanyaga breki, usukani ukatetemeka vibaya, na jirani yangu Mama Neema, mimba ya miezi nane, alikuwa nyuma ameshika tumbo.

Leo pale sokoni Biwi muuzaji wa spea alinionyesha zingine za okazio, zilizotumika pia, zinang'aa. Fundi wangu Dezire, anayeniita yaya, yaani mkubwa wake, akazipima.

"Yaya, hizi zimekwisha. Zikipata moto zitapinda kama zako."

"Mpya iko?"

"Iko, lakini mpaka Alhamisi."

Nikazilipia hizo mpya. Nikamwambia Mama Neema gari yangu haitembei mpaka Alhamisi. "Basi mi nitangojea," akasema.

Naogopa uchungu usije ukamuanza kesho. Ukimuanza, nitamtafutia gari ingine ya kumpeleka hospitali. Katika yangu hapandi.