Picha za Kupima Mwanga

Ijumaa, 7 Juni

Kesho safari. Begi limefungwa, limefunguliwa, limefungwa tena. Betri ya akiba nimeiweka mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili — kule milimani baridi inamaliza chaji hujapiga hata picha ya kwanza. Mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua. Kitambaa cha kufutia lenzi nimekiiba kazini. Duka la miwani litakosa kitambaa kimoja, halitafilisika.

Kidole atakuja kulala hapa, amwangalie mama. Tunasimama kaunta moja, yeye na mimi, miaka sasa. Jina nilimpa mimi: nilipoanza kumfundisha, kila picha aliyopiga ilikuwa na kidole chake pembeni. Kidole kilishatoka, jina limebaki. Nimemwachia kamera yangu ya zamani afanyie mazoezi. Nikamrudia masomo: kiti karibu na dirisha, mtu akae ubavu kwa mwanga, zima taa ya ndani, tundika shuka jeupe upande wa giza ili uso usibaki nusu gizani. Na kabla ya yote, picha za kupima mwanga. Ukuta, kiti, mkono. Picha yenyewe baadaye. Akaitika "sawa, mwalimu" huku anamkonyeza mama.

Nikamwambia, huyo usimsumbue, hapigwi picha. Mama akasema sura yake si nguo ya kuanikwa. Ndio wimbo wake tangu ninunue kamera. Nimembembeleza, nimemnunia, wapi! Na mimi ndiye nawafundisha watu kila Jumamosi: asiyetaka, shusha kamera. Kwa hiyo nimeshusha.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka kabla ya jua. Mwanga wa kwanza ukashuka bondeni polepole, nikapata picha mbili za maana na mafua. Mchana nimekaa na muuza vikapu mmoja. Sikuinua kamera. Nikamsalimu, tukabishana bei, tukasema mabaya ya wakwe zake. Mwishoni akaniuliza mwenyewe, hicho kidude ni cha urembo? Ndipo nikapiga. Niwaambie wanafunzi: kwanza mtu, kisha picha.

Usiku huwa nahamisha picha zote kwenye kompyuta kabla ya kulala. Kadi ikipotea njiani, safari yote imekwenda nayo.

Alasiri nimepiga simu nyumbani. Kidole anasema mama amelala. Mama, mchana? Joto, anasema.

Jumatano, 12 Juni

Nimerudi. Mama kapungua, au ni macho yangu. Kidole kanirudishia kamera, imefutwa vumbi, kadi ndani. Hata chai hakunywa. Ana haraka ya wapi, sijui.

Jumamosi, 15 Juni

Sijafundisha leo. Nimewatumia ujumbe kwamba naumwa. Si uongo sana.

Asubuhi nilitaka kusafisha ile kadi ya kamera ya zamani niiazimishe. Mimi sifuti kitu kabla sijakitazama. Kidole alishafuta picha zake — ila za kupima mwanga kazisahau. Hakuna anayezikumbuka hizo, hata mimi. Unazipiga, unarekebisha, unazitoa akilini. Basi zilikuwepo. Ukuta wa sebule yetu. Shuka langu jeupe limetundikwa kwenye mlango wa kabati. Kiti cha dirishani, kitupu. Kiti hicho hicho, na mkono umelala juu ya ubao wa pembeni. Una kovu la pasi. Mkono wa mama.

Amekaa! Kiti changu, dirisha langu, shuka langu, kamera yangu, masomo yangu — akapigwa picha na Kidole. Mimi niko milimani nagawana mafua na muuza vikapu. Miaka yote hii nashusha kamera kama mjinga. Nimelia kwa hasira jikoni. Nimejicheka kidogo. Kisha hasira imerudi na ndugu zake. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hiyo niliifua na kuipiga pasi mwenyewe.

Mama kauliza mbona macho mekundu. Nimesema vitunguu. Chakula cha leo hakikuwa na kitunguu hata kimoja.

Jumapili, 16 Juni

Nimekwenda kwa Kidole. Nikamwekea kamera mezani, ule mkono kwenye kioo. Hakukana. Akasema nimuulize mama. Nikamwambia nakuuliza wewe, wewe ndiye uliyefuta. Akasema aliapishwa. Nikasema mimi nilikuachia mama, sikukuachia viapo. Basi akatoa simu akanionyesha.

Sijui niandikeje. Mama kageuka kidogo dirishani, mtandio umeshuka begani, anacheka na mdomo umefumbwa, kile kicheko chake cha kumsikiliza mtu anayemdanganya. Ukiyakuza macho yake kwenye simu unaliona dirisha letu ndani yake. Hakuna kilichozidi, hakuna kilichopungua. Ni nzuri kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga. Hilo limeniuma peke yake, na sikumwambia.

Nikauliza, ya nini? Akasema ya kuwekwa mbele siku ya mazishi. Nikasema mazishi ya nani. Akaweka simu mezani, akaniambia yote. Mama ana uvimbe tumboni. Atapasuliwa Alhamisi. Amejua muda mrefu. Na aliyekuwa akimsindikiza hospitali ni Kidole, siku zile alizoniambia anakwenda kwa daktari wa meno. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia zamu! Nilisimama kaunta peke yangu, namwombea jino lake lipone, ili yeye ampeleke mama yangu nisikojua.

Nimeondoka bila kuaga.

Jumatatu, 17 Juni

Nimemuuliza mama. Alikuwa anachambua mchele, mikono haikusimama. Akasema ndiyo, ni kweli, na angeniambia kesho. Nikamuuliza kwa nini si mimi. Akasema ningeacha safari niliyoingojea. Nikasema hiyo ni sababu ya kunificha hospitali, na picha je?

Hapo aliuacha mchele. "Wewe mkono wako ungetetemeka, mwanangu. Mimi nilitaka mtu anipige picha. Wewe ungekuwa unaniaga."

Nikamwambia mimi ndiye mtoto wake, si Kidole. Akasema ndiyo sababu.

Nimemkasirikia mtu anayekwenda kupasuliwa. Hasira ya namna hii mtu anaiweka wapi? Nimeosha vyombo kwa kishindo mpaka kikombe kimevunjika. Akaniambia kutoka chumbani, hicho kilikuwa chako.

Jumanne, 18 Juni

Kazini. Kaunta moja, hatusemeshani. Mteja kajaribu fremu, kauliza ipi imemkaa. Tumejibu kwa pamoja, kila mtu fremu yake. Kaondoka hajanunua.

Jumatano, 19 Juni

Jioni nimeshika kamera, nikasimama mlangoni tu. Sikuomba. Mama kaiona. Akaweka sawa mtandio, akaenda akakaa kwenye kiti cha dirishani. Mwenyewe!

Nikazima taa. Nikatundika shuka. Nikapima mwanga kwenye ukuta, kisha kwenye mkono wake. Vidole vyangu vikaanza. Nikaegemeza viwiko mezani, nikatoa pumzi taratibu ndipo nikabonyeza, kama ninavyofundisha. Nikarudia. Nikarudia tena mpaka mwanga ukaisha. Zote zimetikisika, hakuna hata moja ya kuokoa. Akaomba azione. Nikasema zimetoka vizuri, nitakuonyesha ukirudi. Akafumba mdomo akacheka. Kile kicheko. Na kamera nilishaizima.

Alhamisi, 20 Juni

Benchi la hospitali. Mama kaingizwa chumba cha upasuaji asubuhi. Kidole kaja, sikumwita. Kakaa ule mwisho mwingine, kati yetu begi la mama. Wauguzi wanamsalimu yeye. Anajua daktari anatokea mlango upi. Anajua meno ya mama ya bandia yamewekwa kwenye kikopo gani. Mimi sijui hata choo kiko wapi. Nimemuuliza choo. Ndiyo maneno yetu ya kwanza tangu Jumapili.

Niliporudi nikamwambia ile picha asiipeleke kuchapwa. Akasema ilishachapwa, mama aliagiza. Iko nyumbani kwake Kidole, kabatini, ndani ya fremu. Nilitaka kumtukana. Badala yake nikauliza fremu ya rangi gani. Ya mbao, akasema, nyepesi. Ndiyo ningeichagua.

Kasogeza begi, kakaa karibu. Nimemwacha, lakini sijamsamehe. Leo naogopa tu, na zaidi yake hakuna mwingine kwenye benchi hili anayemuogopea mama.

Muuguzi katoka. Mama kaamka. Anamwita mwanawe, jina hakutaja, na anaruhusiwa kuingia mtu mmoja tu.

Naandika hili nimesimama. Kidole naye kasimama.