Kidonda Ulichokichora kwenye Nailoni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia, lakini ulinifundisha kuamkia kabla ya kusema jambo, nami nina jambo.

Juzi mwenzangu kazini, hapa Mkuyuni, alisema mama yake ana kidonda kisichopona. Nikamwuliza maswali mfululizo: kilianzaje? Kingo zake zina rangi gani? Kinamuuma kiasi gani? Akacheka, akaniuliza nimesomea udaktari lini. Nikakukumbuka.

Chako kilianza kama kipele juu ya kifundo cha mguu wa kulia. Ulidhani umeumwa na mbu. Baada ya siku nne kilikuwa kimepasuka, kingo zake rangi ya zambarau, zimelegea "kama nguo isiyopindwa," ulivyosema mwenyewe kifundi. Majirani wa Pasiansi wakanong'ona kwamba umekanyaga kitu ulichotegewa. Ukawauliza, "Kama nimekanyaga, mbona unyayo mzima?"

Kila Ijumaa, nikishakuosha kidonda, ulinitaka nikuwekee nailoni safi juu yake, nawe ukakichora kwa kalamu kama unavyochora kola kabla ya kukata. Niliona ni ufundi uliozidi. Hospitali walikwangua nyama iliyokufa mara tatu, wakakupa dawa za kuua vijidudu. Mara zote tatu kikapanuka. Mwishowe daktari wa upasuaji akatuambia kwa upole kwamba huenda mguu ukakatwa chini ya goti. Mama akatoka nje. Wewe ukauliza tu, "Mkikata, hapo mtakapokata patapona vipi, ikiwa hiki kila kikiguswa kinakasirika?"

Daktari akafikiri, kisha akatuelekeza kwa mwenzake wa magonjwa ya ngozi, binti mdogo kuliko mimi. Ukamkabidhi nailoni zako. Akazishika moja moja kuelekea dirishani.

"Mzee, nani amechora hizi?"

"Mimi. Ni fundi cherehani."

"Na hizi zenye wino mwekundu?"

"Nilichora baada ya kukwanguliwa."

Akaziwekelea juu ya nyingine, akalinganisha. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kukuuliza: "Tumbo lako likoje?"

Ulinitazama, ukainamisha kichwa. Ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba kwa miaka mingi ulikuwa ukiharisha damu, ukituficha.

Wakachukua kinyama kidogo ukingoni mwa kidonda, wakachunguza na utumbo. Haikuwa saratani, wala kifua kikuu cha ngozi, wala vijidudu vingine. Utumbo ulikuwa na vidonda. Daktari akakuandikia jina la ugonjwa wa mguu kwenye karatasi, payoderma gangrenosamu, nawe ukalisoma kwa vipande kama mtoto wa darasa la kwanza. Akasema ni nadra, na mara nyingine hufuatana na ugonjwa wa utumbo kama wako.

"Askari wa mwili wako wamewageukia raia wao," akakueleza. "Tukikwangua, tunawachokoza."

"Nani aliwaamuru?"

Akacheka. "Hilo mzee, hata sisi hatulijui."

Ukapewa vidonge vya kuwatuliza hao askari. Kidonda kikawa kinaoshwa taratibu, kukwangua marufuku. Wiki ya pili ulilala bila kuugulia. Vidonge hivyo vikakuvimbisha uso, ukawa unakula ugali wa watu wawili, sukari ikapanda, wakapunguza dozi. Mwezi wa sita wa dawa ngozi ilikuwa imefunga, nyembamba, yenye mikunjo, na ukarudi kwenye cherehani yako. Ulishona tena miaka miwili, mpaka presha ilipokuchukua.

Tulipokuosha mara ya mwisho, maji yalipofika kwenye ule mguu nilijisikia nikisema, "Hapo polepole." Wazee wa msikiti wakanitazama, lakini wakapunguza mwendo.

Mwenzangu nimemshauri ampeleke mama yake kwa daktari wa ngozi, na nimemwambia chake kinaweza kuwa kitu kingine kabisa. Mimi kinachonisumbua si kidonda, baba. Maswali ya kidonda uliyauliza yote mwenyewe. Lile la tumbo lilikuwa langu kuuliza. Miaka yote ile tulikula sinia moja, nikakuona unanawa mapema na kuinuka, na sikuwahi kuuliza unakwenda wapi.

Pumzika, baba. Mola akulaze pema.

Mimi mwanao, kifungua mimba wako